Glavu ya chuma au glavu ya nyuzi: ipi ivae mkono usioshika kisu?

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu wawili wasiojuana. Wa kwanza ni dada wa Mwanza anayenunua sangara na sato Mwaloni Kirumba, na ameajiri vijana sita wa kukata minofu ya kuuza hotelini. Wa pili ni kaka mwenye bucha mbili Arusha, ambaye hununua ng'ombe mzima, na yeye na kijana wake ndio wanaotoa mifupa. Wote wamechoka kuwapeleka watu zahanati kushonwa vidole. Wote wameniuliza: ninunue ile glavu ya chuma au hizi za nyuzi?

Dada nimemwambia anunue za nyuzi. Kaka nimemwambia anunue ya chuma, na hilo asilijadili na mwenye duka. Majibu yametofautiana kwa sababu visu vyao havitembei njia moja.

Mimi nilikata minofu miaka saba katika kiwanda kimoja kando ya ziwa kabla sijahamia kazi ya usalama. Kidole changu cha shahada cha kushoto hakikunji vizuri hadi leo. Siku ile nilikuwa nimevaa glavu ya mpira ya bluu, nikaamini nimevaa kinga. Kwa hiyo naanza na hiyo: glavu nyembamba ya mpira, iwe ya bluu, nyeupe au ya rangi yoyote, inamkinga samaki dhidi ya mkono wako. Kisu haikioni. Usiihesabu katika ulinganisho huu hata kidogo.

Kwanza tazama kisu kinavyotembea

Mara nyingi mkono unaokatwa ni ule usioshika kisu, kwa sababu ndio unaoshika nyama, kuigeuza, kuivuta na kuinua kipande ili kisu kipite chini yake. Kwa watu wengi ni wa kushoto, nami nitauita hivyo. Kama wewe ni mashoto, geuza.

Mkata minofu wa sangara humlaza samaki ubavu, akaingiza kisu nyuma ya kichwa na kukitelezesha juu ya uti wa mgongo hadi mkiani. Mkono wa kushoto unainua mnofu kadiri unavyoachana na mifupa. Kisha anageuza mnofu, anashika ncha ya mkia na kupitisha kisu kati ya ngozi na nyama. Kinachobaki mezani ni panki, ambalo wenzetu wa Kisumu huliita mgongo wazi. Katika kazi hiyo yote kisu kimelala, na kikikosea njia kinapita juu ya kidole kwa kuteleza. Kinachofanya madhara ni makali, na nguvu ya mkono si kubwa kwa sababu nyama ya samaki ni laini.

Mtoa mifupa ya ng'ombe anafanya kazi nyingine kabisa. Mara nyingi anashika kisu kama jambia, ngumi imefunga mpini, ncha ikitafuta kiungo cha bega au cha paja. Anavuta kuelekea mwilini mwake, tena kwa nguvu, kwa sababu kano za ng'ombe hazikatiki kwa kubembelezwa. Ncha ikiponyoka kwenye mfupa inaruka, na mbele yake kuna kiganja cha kushoto, kifundo cha mkono, paja au tumbo la mwenyewe. Hapo hatari ni kuchomwa kwa ncha zaidi ya kuchanjwa kwa makali.

Shika tofauti hiyo ya kuchanjwa na kuchomwa. Duka lolote litakuuzia glavu bila kukuuliza swali hilo.

Glavu ya nyuzi

Inafumwa kama soksi, kwa nyuzi ngumu: za polithini iliyotengenezwa maalumu, au za aramidi, ile inayojulikana kwa jina la biashara la Kevlar. Nyingine huchanganywa na uzi mwembamba wa chuma ndani. Uzuri wake unaujua ukishaivaa: nyepesi, inakaa kidoleni, na unahisi mfupa mdogo wa samaki kwa ncha za vidole. Kwa mkata minofu hilo si anasa. Akishindwa kuhisi mfupa ataivua glavu saa nne asubuhi msimamizi akigeuka, na glavu iliyo mfukoni haijamwokoa mtu.

Namna ya kuipima ubora ndipo watu wanapodanganyika. Tafuta alama ya kiwango cha Ulaya, EN 388. Chini ya mchoro wake kuna tarakimu nne na herufi, kwa mfano 3X43D. Tarakimu ya kwanza ni uwezo wa kustahimili msuguano, ya pili ni mkato kwa kipimo cha zamani, ya tatu ni kuchanika, ya nne ni kutobolewa. X maana yake kipimo hicho hakikufanyika. Herufi ya mwisho ndiyo unayoitaka: inaanzia A hadi F, na inaeleza nguvu inayohitajika ili wembe ulionyooka upenye kwa mpito mmoja. A ni nyutoni 2, B 5, C 10, D 15, E 22, F 30. Glavu za soko la Marekani zina mpango wao, A1 hadi A9, na A4 inakaribiana na D ya Ulaya. Angalia usichanganye A ya Ulaya, iliyo dhaifu kuliko zote, na A yenye namba ya Marekani.

Herufi hiyo ya Ulaya iliingizwa mwaka 2016 kwa sababu nzuri. Kipimo cha zamani kilitumia wembe wa duara unaozunguka huku na huku juu ya kitambaa, na nyuzi ngumu zenye kioo au chuma ndani ziliufanya wembe wenyewe uwe butu, glavu ikapata alama kubwa isiyostahili. Ndiyo maana maandishi makubwa ya "daraja la 5" kwenye pakiti za bei rahisi hayanitikisi. Hiyo 5 ni ya kipimo hicho cha zamani. Kama hakuna herufi, rudisha pakiti kwenye rafu. Kwa minofu na kwa kusafisha nyama isiyo na mfupa mimi nashauri kuanzia C, na D kama unaweza kuimudu.

Tarakimu ya nne nayo inapotosha kwa namna yake. Msomaji akiona "kutobolewa: 4" anadhani ncha ya kisu haipiti. Kipimo kile hutumia ncha nene ya chuma, kitu cha kufanana na msumari, na ncha ya kisu cha kutolea mifupa ni jambo jingine. Nyuzi zinasogea, ncha inapenya katikati yake. Hata mwiba wa pezi la mgongoni la sato unapita. Vijana wa dada wa Mwanza wataendelea kuchomwa na miba hiyo, nami nimemweleza mapema ili wasije wakasema glavu ni mbovu na kuitupa.

Upande wa usafi glavu ya nyuzi ni mzigo. Inanyonya maji, damu na mafuta. Juu yake lazima ivaliwe glavu nyembamba ya mpira inayobadilishwa mara kwa mara, na yenyewe ifuliwe kila mwisho wa zamu. Polithini haipendi joto kali, inayeyuka kabla ya nyuzi joto 150, kwa hiyo usiichemshe wala kuianika juu ya jiko. Aramidi inaharibiwa na dawa ya klorini, na viwanda vingi vya samaki huosha kila kitu kwa klorini. Soma lebo ya kufulia kabla ya kulipa. Na kama lebo inataja nyuzi za kioo, usiinunue kwa kazi ya chakula: zikikatika, vipande vyake vinaishia kwenye mnofu.

Kila mtu awe nazo mbili, moja ikikauka nyingine ikiwa kazini. Zile zisizo na mpira kiganjani mara nyingi huvaliwa mkono wowote, na hapo unaokoa fedha, maana jozi moja inakuwa glavu mbili za mkono wa kushoto. Uzi mmoja ukikatika, glavu hiyo imekwisha kazi. Usishone.

Glavu ya chuma

Hii ni pete ndogo ndogo za chuma kisichoshika kutu, kila moja imechomelewa na kufungana na jirani zake. Makali hayapiti. Ncha ya kisu cha kawaida inakwama kwenye pete; ile nyembamba sana inaweza kupenya kidogo, lakini kidogo hicho ni tone la damu, si kidole kilichopotea. Kiwango chake ni EN 1082, na hicho ndicho kinachozungumzia kuchomwa kwa kisu cha mkono. Hilo tu linatosha kwangu kumaliza mjadala wa kaka wa Arusha.

Ina gharama zake. Bei ya moja hununua jozi nyingi za nyuzi. Nzito, na mwishoni mwa siku bega linajua. Inabeba baridi, kwa hiyo ndani lazima kuwe na glavu ya pamba, hasa mkiwa chumba cha ubaridi. Vidole vilivyokufa ganzi havishiki nyama, na nyama inayoponyoka ndiyo inayoleta kisu mkononi. Vidole vya glavu vikiwa virefu kuliko vya mvaaji, pete zinazoning'inia zinanasa kwenye ncha. Kuna mkanda wa mpira unaovutwa juu yake kuibana kiganjani, wala usiuone kuwa pambo.

Ukubwa unajulikana kwa rangi ya mkanda wa kifundo: kijani ni ndogo sana, nyeupe ndogo, nyekundu ya kati, bluu kubwa, chungwa kubwa zaidi. Pima kila mkono. Usinunue nyekundu tano kwa sababu zilikuwa na punguzo.

Usafi ni mwepesi: maji baridi kwanza, maana ya moto yanagandisha damu kati ya pete, kisha brashi na sabuni, kisha maji ya moto na dawa, halafu itundikwe. Haijali klorini kama aramidi, ingawa lazima isuuzwe vizuri. Ikitunzwa inadumu miaka. Ukigawanya bei yake kwa miezi ya kazi, mara nyingi inashinda zile za nyuzi ulizotupa kila mwezi. Wenye mabucha wengi hawafiki kwenye hesabu hiyo kwa sababu wanaishia kwenye bei ya siku ya kwanza.

Jambo la kulikazia macho ni pete iliyofunguka. Ni tundu la kisu kuingilia, na pia ni kipande cha chuma kinachosubiri kudondokea nyamani. Hata kiwanda chenye mashine ya kugundua chuma kisiitegemee, kwa maana chuma cha aina hii ni kigumu kugundulika kikiwa kidogo. Iangaliwe kwa macho kila asubuhi na kila jioni, kwenye mwanga. Ikipungukiwa pete inarudi kwa wakala kutengenezwa. Nimeona zilizofungwa kwa waya wa umeme. Hiyo si glavu tena.

Kwa hiyo, nani avae ipi

Minofu ya samaki, kukata kuku asiye na mifupa, kusafisha mafuta kwenye nyama, mboga jikoni hotelini: nyuzi, C au D, na mpira juu yake.

Kutoa mifupa ya ng'ombe, mbuzi au nguruwe: chuma mkono wa kushoto, bila mbadala. Kama fedha imebaki, ongeza kinga ya mkono hadi kwenye kiwiko, na kwa anayevuta kisu kuelekea tumboni siku nzima, aproni ya pete za chuma inayofika mapajani. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, dakika ni chache mno. Kwa mtoa mifupa aproni hiyo naiweka mbele ya viatu vipya na mbele ya kupaka rangi bucha.

Dada wa Mwanza anaweza kuuliza: kama chuma ni imara hivyo, kwa nini nisiwavishe wote chuma? Kwa sababu mkata minofu anayevaa pete nzito hahisi mfupa, anapunguza kasi, anaivua. Nimeshuhudia zamu nzima ikivua. Kinga ya D inayovaliwa kwa muda wa saa nane ina faida kuliko ya chuma inayovaliwa mkaguzi akija. Hapo naacha nafasi moja: yule kijana anayekata vichwa vya sangara wakubwa kwa kisu kizito chenye ncha, huyo peke yake apewe ya chuma.

Kwa gogo na panga, au gogo na shoka, kama tunavyokata mifupa ya supu, majibu yote mawili ni hapana. Glavu ya chuma inaweza kuzuia kidole kisitengane na mkono, lakini uzito wa panga utavunja mfupa ndani ya glavu. Hapo ulinzi ni umbali: kipande kitulie chenyewe kwenye gogo, mkono uondoke, ndipo pigo lishuke. Kipande kidogo kisichotulia kikatwe kwa msumeno wa mkono.

Na msumeno wa umeme wa mifupa, ule wa mkanda unaozunguka. Usivae glavu ya chuma hapo. Usivae ya nyuzi. Meno yakinasa pete au uzi hayakati na kuachia, yanavuta, na mkono unafuata. Kwenye msumeno huo tumia kisukumio, funika sehemu ya mkanda isiyotumika, zima kabla ya kusafisha. Mwenye bucha aliyenunua glavu nzuri ya chuma na kumwambia kijana aivae kila mahali amemwekea hatari mpya pasipo kujua.

Kisu chenyewe

Kuna mtu atasoma hadi hapa, anunue glavu sahihi, kisha aache visu butu. Kisu butu kinataka nguvu, na nguvu ikiponyoka haina breki. Kila mkata minofu awe na chuma cha kunyooshea makali kiunoni na ruhusa ya kusimama kukitumia. Narudia ruhusa, kwa sababu palipo na malipo kwa kilo watu hawanoi. Visu vinolewe na mtu mmoja anayejua, kabla ya zamu.

Mpini uwe wa plastiki ngumu yenye kushika, wenye kikingio mbele kinachozuia mkono kuteleza hadi kwenye makali. Ncha ikigonga mfupa na mkono umejaa mafuta, ni mkono wa kulia unaoteremka juu ya kisu, na glavu ya kushoto haina la kufanya. Mipini ya mbao iliyopasuka na kufungwa mpira wa baiskeli iondoke kabisa. Hata mkaguzi wa usafi hataikubali. Kisu kikidondoka, acha kidondoke.

Nani analipa

Mwajiri. Tanzania kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Kenya ina yake ya 2007. Zote zinamtaka mwajiri atoe vifaa kinga vinavyofaa kwa kazi husika, na neno "vinavyofaa" ndilo hilo nililolieleza kurasa hizi zote: glavu ya mpira kwa mtoa mifupa haifai. Mfanyakazi akiumia kazini, Tanzania kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya 2008, na Kenya kuna sheria ya fidia ya 2007 inayojulikana kama WIBA. Ajali iandikwe na kuripotiwa siku hiyo hiyo, hata kama kidole kinaonekana kidogo. Nami nilisema "ni kidole tu". Miezi miwili baadaye, kiliposhindwa kukunja, hapakuwa na karatasi yoyote inayosema niliumia wapi.

Na usidharau mkato mdogo. Kwenye ute wa samaki na kwenye nyama kuna bakteria wanaopenya kwenye mchubuko na kukivimbisha kidole kikawa chekundu cha zambarau. Kwa wa bucha kuna kimeta, ambacho Kanda ya Kaskazini si hadithi, nacho huingia kwenye ngozi iliyochubuka. Osha kwa maji mengi na sabuni, bana kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, inua mkono juu ya moyo. Kama kidole hakikunji, au ncha yake imekufa ganzi, ni hospitali, hata kama damu imekata, kwa maana kano au neva imeguswa. Chanjo ya pepopunda iwe ya karibuni. Kipande kikitengana na mkono, kifunge kwa shashi safi yenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, mfuko huo ndio ukae juu ya barafu. Kiwanda cha samaki kina barafu tele, na ni rahisi mtu aliyechanganyikiwa kukizika kidole humo moja kwa moja, barafu inakiunguza.

Kaka wa Arusha alinipigia juzi. Ameletewa glavu mbili zenye mkanda mwekundu. Yake imemkaa sawa. Ya kijana wake inacheza, vidole vinaning'inia kama nusu ya kucha. Nimemwambia airudishe leo, achukue yenye mkanda mweupe, na hadi hapo kijana afunge nyama na kupima mizani, asiguse kisu cha mifupa.